Robo Niliyoisahau

Skrubu nne zilishika kichwa cha pampu.
Ya kwanza ilikwisha kutafunwa utosi:
mtu kaja na bisibisi ya kuazima,
kazungusha, kateleza, kalaani,
kamwachia fundi makovu.
Nikakata kiraka cha tyubu ya baiskeli,
nikakilaza kati ya bisibisi na kovu,
nikakandamiza kwa kifua chote.
Ikasalimu amri.

Ya pili ilitaka msumeno, mfereji mpya kichwani.
Ya tatu ililala na mafuta ya taa usiku kucha,
asubuhi nikaigonga kidogo kidogo
kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

Ya nne ikakatika.

Nikaitoboa katikati, nikaisaga yote ikawa unga,
nikachukua tapu nichonge hesi upya.
Kanuni naijua toka karakana ya reli:
nusu mzunguko mbele, robo nyuma,
vunja kinyweleo cha chuma, vuta pumzi,
nusu mbele, robo nyuma.
Simu ikaita. Sechelela wa Mpunguzi, mwenye pampu:
"Fundi, zabibu zimeanza kushika ukungu."
Nikamwambia kesho, mkono ukisonga mbele,
robo nikaisahau.

Tk.

Ni punje ya uwele kuanguka kwenye ungo,
haizidi hapo.
Mimi niliisikia kwenye magego.

Tapu ni feleji, keekee haiumi.
Nilivunja ncha mbili, ya tatu nikairudisha kwenye boksi kwa heshima.
Mwiba hutokea pale ulipoingilia, sawa,
lakini nani ataushika mkia
ukishakatikia chini ya ngozi?
Na dawa ya moto ni moto, sawa,
ila chuma kimekwama ndani ya shimo,
ukizidi kukitwanga kwa chuma
unanunua pampu ya watu.

Nilizima taa. Nkuhungu yote ilikwisha lala.
Ndipo nikauona mtungi wa bibi kule Hombolo,
maji ya bwawa mekundu kama chai ya maziwa,
na lile jiwe jeupe alilokuwa akilizungusha ndani,
tope likishuka lenyewe, bila ugomvi.
Na marehemu Chibago, bwana stoo wetu pale karakana,
tuliyekuwa tukimcheka:
"Shabu hula feleji, vijana. Alumini huipita kama haijaiona."

Soko la Majengo, shabu ya elfu tatu.
Muuzaji akanitazama mikono:
"Umeanza kunyoa watu?"

Nyemo akauliza, "Sufuria hii ya wali?"
Nikajibu, "Hiyo hiyo."
Hakuongeza neno. Nilijua limehifadhiwa.

Jiko la mkaa barazani, mvua ya Januari juu ya bati,
kichwa cha pampu kikachemka kama kongoro.
Saa ya kwanza, kimya.
Ya pili, kipovu kimoja kikachungulia shimoni,
kikasita, kikapanda.
Kikaja kingine.
Halafu uzi mwembamba wa vipovu, haukatiki,
chuma kikitoa pumzi zake kwa hesabu
na mimi nikiongeza maji, nikiongeza mkaa,
nikijifunza kukaa bila kushika kitu.

Alfajiri ya pili nilichokonoa kwa mwiba wa mgunga.
Masizi yakatoka. Kikafuata kipande,
chembamba, cheusi, kinalegea
kama jino la maziwa lililochoka kusukumwa na ulimi.
Nyuma yake hesi zilikuwa zinang'aa,
nilizokwisha kuzichonga, zote,
hadi pale simu ilipoita.
Nikamalizia. Nusu mbele. Robo nyuma.
Simu nilikuwa nimeifungia kabatini.

Sechelela akaja na matope ya shamba magotini,
akaitazama pampu, akazihesabu skrubu mpya.
"Siku tatu, kwa hizi nne?"
"Kwa hizo nne."
Nikamtoza skrubu na mafuta.
Shabu sikuiandika. Ile *tk* ningeiandikaje?

Jiwe lililobaki Nyemo amelipeleka kwenye ndoo ya maji.
Sufuria amenipa, niwe nayo.